Mkaguzi Mchovu Hakamati Mwizi

Kila benki ikianguka hapa Kenya, watu huuliza swali lile lile: wakaguzi walikuwa wapi? Na jibu la mtaani huwa limeshaiva: walikula. Walipewa bahasha, wakatia sahihi, wakaenda zao. Hadithi imeisha, tungoje benki nyingine.

Mimi hilo jibu nalikataa. Si ati wakaguzi ni malaika. Wako waliokula, na wengine watakula. Nalikataa kwa sababu ni jibu la uvivu. Linatufanya tumtafute mtu mmoja mbaya, tumtukane wiki moja, halafu turudi kulala. Msimamo wangu ni huu: wakaguzi wengi wanaopitwa na wizi hawajahongwa. Wamechoka, wamebanwa, na wamefundishwa polepole kwamba mtu wa maswali mengi hapandi cheo. Ofisi imechukua tabia inayokamata mwizi ikaiita utovu wa ushirikiano.

Na kabla useme haya ni mambo ya wazee wa tai, jiulize pesa yako iko wapi saa hii. Mshahara wa kwanza, mkopo wa HELB, doo ya chama, ile akiba ambayo mama anasema ni ya shamba. Hata ile unayotuma kwa simu imewekwa kwa akaunti za benki fulani. Wewe huwezi kuingia benki na kusema nionyesheni vitabu. Kuna mtu anayeingia kwa niaba yako. Huyo mtu akisinzia, wewe ndiye umeibiwa.

Tuanze na Imperial Bank, kwa sababu wengi wenu mlikuwa bado shule ya msingi. Tarehe 13 Oktoba 2015, Benki Kuu iliiweka benki hiyo chini ya mrasimu. Wiki chache kabla, wawekezaji walikuwa wameipa shilingi bilioni 2 kupitia bondi, na bondi hiyo ilikuwa ianze kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mkurugenzi wake mkuu, Abdulmalek Janmohamed, alikuwa amefariki Septemba. Baada ya kifo chake maafisa wa ndani wakaanza kuzungumza, bodi ikasikia, Benki Kuu ikaambiwa. Hasara iliyotajwa katika kesi zilizofuata ilipita shilingi bilioni 30, na wizi wenyewe ulidaiwa kuendelea zaidi ya miaka 10. Wakati huo amana iliyolindwa na sheria ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa mteja. Leo ni 500,000, lakini wakati huo kama ulikuwa na milioni 3 za biashara, ulipanga foleni na wenzako ukangoja miaka.

Hebu tazama vizuri vile ilijulikana. Vitabu vya benki hiyo vilikaguliwa kila mwaka na kutiwa sahihi. Benki ilikuwa na wakaguzi wa ndani, wa nje, na wasimamizi kutoka Benki Kuu. Kengele ililia bosi alipokufa na watu wakapata nafasi ya kufungua midomo. Kumbe kuna watu walijua. Walichokosa ni mahali salama pa kusemea.

Na hilo si la Kenya peke yake. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE, kilichapisha ripoti mwaka wa 2024 iliyochambua visa 1,921 kutoka nchi 138. Asilimia 43 ya visa viligunduliwa kwa sababu mtu alidokeza, na zaidi ya nusu ya waliodokeza walikuwa wafanyakazi wa hapo hapo. Ukaguzi wa ndani uligundua asilimia 14. Ukaguzi wa nje, ule wa kampuni kubwa zenye orofa za vioo, asilimia 3. Tatu.

Sasa ukitaka kujua kwa nini tatu, lazima ujue kazi yenyewe inafanywaje.

Benki nyingi hapa hufunga mwaka Desemba 31, na hesabu zilizokaguliwa lazima zichapishwe kabla Machi kuisha. Kwa hivyo Januari hadi Machi ni msimu wa vita. Timu ni ndogo, na sehemu kubwa yake ni vijana wa miaka 22 hadi 27 wanaofanya kazi mchana na kusomea mitihani ya CPA usiku. Bei ya ukaguzi ilishakubaliwa na mteja kabla, na kutoka kwa bei hiyo hutengenezwa mgao wa saa: mikopo saa kadhaa, amana saa kadhaa, pesa taslimu saa kadhaa. Wizi haujawekewa saa zake, kwa sababu wizi hauko kwa ratiba.

Ukweli ni kwamba wizi mkubwa wa benki haufanani na sinema. Hakuna mtu anayevunja sefu. Mkopo mpya unatolewa kwa kampuni ya rafiki ili ulipe mkopo wa zamani wa kampuni nyingine ya rafiki huyo huyo, na kwa vitabu inaonekana kila mtu analipa vizuri. Akaunti ya mzee ambaye hajatoa pesa miaka saba inaanza kutembea usiku. Pesa zinakaa kwa akaunti ya muda zikingoja "kusuluhishwa", mwezi baada ya mwezi. Karatasi zote zipo, sahihi zote zipo. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyo wa nguoni ndiye anayekuletea faili unazokagua.

Ili umshike, unahitaji mtu wa tabia fulani. Hapa wasomi wametusaidia. Mwaka wa 2010 msomi wa uhasibu anayeitwa R. Kathy Hurtt alichapisha kipimo cha maswali 30 cha kupima shaka ya kitaaluma, yaani ile hali ya mkaguzi kutomeza kila anachoambiwa. Alitaja sifa sita: akili ya kuuliza, subira ya kutokata shauri mapema, hamu ya kutafuta maarifa, uwezo wa kusoma nia za watu, uhuru wa kujiamulia, na kujiamini. Nimezisoma hizo sita mara nyingi, na kila nikizisoma naona orodha ya vitu ambavyo mazingira ya kazi huviua kimoja kimoja.

Akili ya kuuliza? Kila swali linakula saa, na saa zimehesabiwa. Subira? Machi inaingia, bosi anataka jibu leo jioni. Hamu ya maarifa? Nani atasoma vile mkopo wa meli unafanya kazi saa sita usiku, ilhali kesho kuna tawi lingine? Kusoma nia za watu? Vijana wanabadilishwa au wanaacha kazi kila mwaka, kwa hivyo anayekuja anakutana na meneja wa benki kwa mara ya kwanza, na huyo meneja ameshakutana na wakaguzi kumi kabla yake. Nani anamsoma nani hapo? Uhuru? Mteja ndiye analipa, na mwaka ujao anaweza kwenda kampuni ya jirani. Kujiamini? Una miaka 23, mkataba wa miezi sita, na umekaa mbele ya mkuu wa mikopo mwenye uzoefu wa miaka 20 anayekuuliza kwa upole, "Kijana, umesoma wapi?"

Mimi nimesomea uhasibu, na kabla nishike kamera nilifanya kazi miezi kadhaa katika kampuni moja ya ukaguzi. Jina lake naliweka kando. Tuliwekwa kwa mteja, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chai saa nne na mandazi mawili kila mtu. Kwenye sampuli yangu ya mikopo kulikuwa na kampuni tatu tofauti, wakurugenzi tofauti, lakini sanduku la posta moja na ripoti za thamani ya mali zenye maneno yale yale, hadi kosa la tahajia lile lile. Nikauliza. Kiongozi wa timu akaniambia kiasi hicho ni kidogo, kiko chini ya kiwango tunachoangalia, songa. Nikauliza tena kwa maandishi. Siku mbili baadaye meneja wa mteja alilalamika kwamba kuna kijana anayewahoji watu kama polisi.

Faili ilifungwa bila jibu. Lakini tathmini yangu ya mwisho iliandikwa hivi: ana bidii, aboreshe uhusiano na wateja. Mwenzangu aliyemaliza matawi mawili kwa muda wa tawi moja alipongezwa mbele ya watu wote. Sisemi mwenzangu ni mbaya, alikuwa mtu poa sana. Nasema wote tuliokuwa kwa kile chumba tulisoma somo siku hiyo, na somo halikuwa la uhasibu.

Kuna jambo lingine ambalo kila aliyepitia huko analijua na hakuna anayelisema kwa sauti. Kazi ikichukua saa 20 na mgao ni 12, unaandika 12. Ukiandika 20 utaonekana huna kasi. Kwa hivyo mwaka ujao mgao unapangwa kwa zile 12 za uongo, na atakayekuja anabanwa zaidi. Na wakati mwingine saa zikiisha kabisa, hatua ya ukaguzi inawekewa tiki bila kufanywa vizuri. Watafiti wameandika juu ya tabia hizi mbili kwa miongo mingi, katika nchi nyingi. Fikiria hiyo: watu tunaowatuma kuangalia kama vitabu vya wengine ni vya kweli wanalazimika kudanganya kwa vitabu vya saa zao wenyewe. Mtu akizoea uongo mdogo wa kujiokoa, tunategemea vipi aamke ghafla akiona uongo mkubwa wa mtu mwingine?

Mwaka wa 2024, mji wa Pune nchini India, kijana mwanamke wa miaka 26 alifariki miezi minne baada ya kuanza kazi katika kampuni inayohusiana na mojawapo ya zile nne kubwa duniani. Mama yake aliandika barua akisema mzigo wa kazi ulimmaliza mwanawe. Kampuni ilikataa kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Hata ukiacha chanzo cha kifo kando, vijana wa taaluma hii kila mahali walisoma ile barua wakajiona ndani. Hiyo peke yake ni ushahidi.

Sasa najua majibu yatakayokuja.

Wa kwanza atasema: kazi ya mkaguzi wa nje si kutafuta wizi, ni kutoa maoni kama hesabu zinaonyesha hali halisi. Hiyo hoja ni ya tangu 1896, pale jaji mmoja Uingereza aliposema mkaguzi ni mbwa wa kulinda, si mbwa wa kuwinda. Sawa. Lakini mbwa wa kulinda naye hubweka. Na viwango vya leo vya kimataifa, kile cha ISA 240 hasa, vinamtaka mkaguzi apange kazi yake akijua kwamba udanganyifu mkubwa unaweza kuwepo, na adumishe shaka hata kama amewajua wasimamizi kwa miaka kama watu waaminifu. Shaka inahitaji muda na usingizi. Huwezi kuidai kwa karatasi na kuinyima saa.

Wa pili atasema: kila mtu anachoka, hata muuguzi, hata mtu wa boda. Kweli, na muuguzi akichoka mgonjwa anaumia, ndiyo maana tunapigania zamu zake. Kwa nini uchovu wa mkaguzi uwe jambo la kujivunia? Nawaona vijana wakijirekodi saa nane usiku ofisini, laptopu tatu, kahawa, muziki wa ushujaa. Wueh. Mimi nikiona hiyo video naona faili fulani mahali fulani ikipita bila kusomwa.

Wa tatu ndiye mgumu. Atasema: basi shida ni watu, tuajiri wenye msimamo, tuwape mafunzo ya maadili. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu nusu ya hoja hiyo ni kweli. Tabia ina maana. Kuna watu hawawezi kuacha kitu kisichoingiana, kinawawasha kama upupu. Lakini tabia pekee haitoshi, na tunao ushahidi wetu wenyewe.

Mwaka wa 2002, kule Mississippi, Marekani, Cynthia Cooper alikuwa mkuu wa ukaguzi wa ndani wa kampuni ya simu ya WorldCom. Aliona gharama zimeandikwa kama mali. Mkuu wa fedha alimwomba aahirishe ukaguzi. Yeye na timu yake wakaendelea, mara nyingine usiku ili wasionekane, wakafichua udanganyifu wa dola bilioni 3.8, na baadaye ukaonekana mkubwa zaidi. Alikuwa na njia ya kumfikia mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi, akaitumia. Mwisho wa mwaka jarida la Time lilimweka miongoni mwa watu wa mwaka.

Miaka 10 hivi kabla yake, hapa Nairobi, David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Hakuwa hata mkaguzi. Aliona malipo ya Goldenberg, yale ya dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa ikiuza nje, na hayakuingia akilini mwake. Akatoa hati, zikafika kwa wanasiasa wa upinzani, zikafika bungeni. Mwaka wa 1993 alikamatwa, akafutwa kazi. Alipata tuzo ya uadilifu baadaye, lakini tuzo hailipi kodi ya nyumba. Alifariki 2006 akiwa maskini.

Ujasiri ulikuwa ule ule, au wa Munyakei ulikuwa mkubwa kuliko. Tofauti ilikuwa ni nini kilichomngoja kila mmoja upande wa pili wa mlango. Kwa hivyo ukiniambia tunahitaji mafunzo ya maadili, nakuuliza: Munyakei alikosa maadili gani? Kijana wa leo anaijua hiyo hadithi. Akinyamaza, hajakosa tabia. Amepiga hesabu.

Kwa hivyo nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja la ajabu.

Kwanza, sheria inataka mkaguzi wa benki akubaliwe na Benki Kuu. Vizuri. Kabla ya kumkubali, Benki Kuu iulize: kazi hii umeiwekea saa ngapi, na nani atazifanya? Ikiwa benki ya matawi 40 inakaguliwa na wanagenzi sita na msimamizi mmoja, hiyo sahihi isikubaliwe.

Pili, ICPAK inapokwenda kukagua ubora wa kampuni za ukaguzi, isiangalie karatasi za kazi peke yake. Iwaite wale wadogo, bila mabosi wao, iwaulize saa walizoandika na saa walizofanya. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Tatu, mkuu wa ukaguzi wa ndani wa benki asiwe mtu ambaye bosi anaweza kumnyima marupurupu. Kuajiriwa kwake, mshahara wake na kufutwa kwake viwe mikononi mwa kamati ya ukaguzi ya bodi, kwa vitendo, si kwa kijitabu cha sera. Hakuna mbwa anayembweka anayemwekea chakula.

Nne, tunahitaji sheria kamili ya kuwalinda wanaofichua maovu. Mswada umezunguka kwa miaka bila kuwa sheria. Sheria ya Hongo ya 2016 ina kifungu cha kuwalinda watoa habari za hongo, lakini karani anayeona mikopo hewa anahitaji zaidi ya hapo. Ikiwa asilimia 43 ya wizi hugunduliwa kwa sababu mtu amesema, basi kila mwaka tunaochelewesha hiyo sheria tunawapa wezi mwaka wa bure.

Na wewe unayesomea CPA saa hii, unayengoja kuvaa suti uingie moja ya zile ofisi: usiogope kuitwa msumbufu. Andika maswali yako, yaweke kwa maandishi, weka tarehe. Lakini pia usikubali kuambiwa kwamba mzigo wote ni wa moyo wako. Wakikuambia kuwa jasiri, waulize wamekupa saa ngapi za kuwa jasiri.

Benki nyingine itaanguka. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu hatujabadilisha kitu. Siku hiyo msianze kwa kuuliza wakaguzi walikula nini. Ulizeni walikuwa wangapi, walilala saa ngapi, nani alikuwa anawalipa, na yule aliyeuliza swali la kwanza yuko wapi sasa.